Miaka minne namtafuta babu mzungu kwenye mashamba ya katani, kumbe nilikosea herufi moja tu

Mleta uzi:
Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, asiye na bando aweke alama arudi baadae. Naandika kwa simu na macho yenyewe ndio hivyo tena, makosa ya hapa na pale mnisamehe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa chotara. Sio wa kubahatisha, yani ukimuona tu unajua hapa kuna mzungu alipita, macho ya kijivu, ngozi ikipigwa na jua inakuwa nyekundu, na kilemba alikuwa havui hata akiwa ndani kwasababu utotoni Moshi watoto wenzake walikuwa wanamvuta nywele waone kama zinang'oka. Alizaliwa Kenya, 1921 au 1922, tarehe hakuna aijuaye. Mama yake aliolewa na mtu wa reli, ile njia ya Voi kwenda Kahe, ndio akaletwa Moshi akiwa bado anabebwa mgongoni. Kafariki 2004. Maisha yake yote ukimuuliza habari za baba yake jibu ni moja, "baba yangu ni Bwana Katani", halafu anaendelea kuchambua mchele kama hujauliza kitu.

Sasa mtu wa Moshi au Korogwe ukimwambia katani anajua ni mkonge, hakuna mjadala. Nikasema kazi rahisi hii, natafuta mzungu mwenye shamba la mkonge Kenya miaka ya 1920. Nikaanza 2018. Nimeenda Thika, nimeenda Makuyu, nimezunguka makaburi ya wazungu nasoma mawe kama mwendawazimu mpaka mlinzi mmoja akaniuliza kama nimetumwa. Nimekaa siku tatu Nyaraka za Taifa Nairobi, lile jengo la zamani la benki linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya, nasoma ripoti za wilaya za mkonge. Nilikuwa na daftari zima la majina ya masetla wa mkonge. Wote sio.

Nakuja na sehemu ya pili, kuna mtu ananiita.

Kinyonga wa Pwani:
Siti ya mbele hapa, nimeleta na karanga.

Dada Furaha:
Mkuu usije ukakata katikati kama wale wa hadithi za majini. Bibi alikuwa anaongea lugha gani na mama yake?

Mleta uzi:
Dada Furaha umegusa penyewe. Bibi alikuwa na maneno machache hayaeleweki, sisi tulijua ni ya kitoto. Ukimsalimia akiwa na furaha anajibu "chamgei". Nimekuja kujua ukubwani kabisa kwamba hiyo ni salamu ya Wakipsigis na Wanandi, makabila ya magharibi mwa Kenya.

Chifu Kipara:
Samahani mkuu lakini bibi anasalimia chamgei halafu wewe unaenda Thika? Thika kuna Wakipsigis gani?

Mleta uzi:
Chifu nipige tu, nastahili. Nilijipa majibu kwamba mama yake bibi alienda Thika kutafuta kibarua. Ukishakuwa na neno kichwani unalazimisha kila kitu kiingie humo. Katani, basi mkonge, basi joto, basi Thika.

Haya tuendelee. 2022 mwezi wa sita mama alienda Uingereza kumuona mdogo wangu wa kike anayeishi kule, kajifungua. Siku hiyo wako ndani ya basi wanapita mashambani, mama akaona shamba zima la buluu. Yani buluu kama bahari, maua madogo madogo. Mama akashika mkono wa mdogo wangu akasema "haya ndiyo maua ya bibi yenu". Kumbe bibi aliwahi kumsimulia mama kwamba mama yake alikuwa anamwambia, kule ulikozaliwa shamba la baba yako lilikuwa linageuka buluu asubuhi, ikifika mchana buluu yote imeanguka chini. Mama alidhani ni hadithi ya kumbembelezea mtoto, hakuwahi kutuambia. Miaka minne nazunguka makaburini na jibu analo mama jikoni!

Mdogo wangu akamuuliza jirani yake mzungu haya maua ni ya nini, akaambiwa ni ule mmea wa kitambaa cha linen, wengine wanaulima kwa ajili ya mbegu za mafuta. Akanitumia sauti usiku. Mimi nikafungua kamusi. Wakuu, linen kwa Kiswahili ni KITANI. Ipo hata kwenye Biblia, nguo za kitani safi. Nilimpigia mama saa saba usiku nikamuuliza, mama jaribu kukumbuka, bibi alikuwa anasema katani au kitani? Akanyamaza kidogo. Akasema "mama alikuwa anasema kitani, nyie ndio mlikuwa mnasema katani, na yeye akachoka kuwasahihisha."

Kinyonga wa Pwani:
Aiseeee

Mzee wa Voi:
Hapa nimesimama nimekaa tena. Herufi moja imekula nauli ya miaka minne.

Mleta uzi:
Nauli, malazi na daftari. Sasa angalieni hiyo herufi ilivyobadilisha ramani. Mkonge unataka joto, kitani kinataka baridi. Kwahiyo Thika kwaheri, tunapanda juu, Londiani, Molo, Kericho, Nandi, na kule Lumbwa ambako leo wanaita Kipkelion. Na huko ndiko kwenye watu wa chamgei. Na miaka pia inakaa, kwasababu kitani Kenya kilivuma kwa muda mfupi sana, mara tu baada ya vita ya kwanza, halafu kikafa.

Kilivuma hivi. Wakati wa vita mabawa ya ndege yalikuwa yanavikwa kitambaa cha linen, na kitani kingi cha Ulaya kilikuwa kinatoka Urusi na Ubelgiji, kote huko kumeharibika, Ubelgiji imekaliwa na Wajerumani na Urusi ina mapinduzi. Bei ikapaa. 1919 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kugawa ardhi kwa wanajeshi wa kizungu waliomaliza vita, zaidi ya mashamba elfu moja, ekari zaidi ya milioni mbili, majina yanachomolewa Nairobi kwenye ukumbi wa Theatre Royal na mengine London, kama bahati nasibu ya kanisani. Mashamba madogo bure, makubwa unalipa taratibu kwa miaka mingi. Na sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeshawapa mkataba wa miaka 999, hebu itafakari namba hiyo. Wengi hawajawahi kulima hata mchicha, wakaambiwa pandeni kitani mtatajirika. Kericho ilitengwa ardhi maalum kwa maofisa waliolemaa vitani, nao wakapanda kitani hicho hicho.

Chifu Kipara:
Ngoja hapo hapo. Ardhi ya nani iligawiwa?

Mleta uzi:
Ya Wakipsigis, Wanandi na wengine. Wanandi walinyang'anywa nyingine kwa ajili ya mpango huu huu, na 1923 walipotaka kukusanyika kupinga, kiongozi wao Barsirian arap Manyei akakamatwa, akaja kuachiwa 1964. Soma tena mkuu, 1923 mpaka 1964.

Chifu Kipara:
Sasa ndio nakuuliza, unamtafuta huyu mtu wa nini? Babu wa baba yangu alikuwa kwenye Kariakoo, alibeba mizigo ya Waingereza kumfukuza Lettow, yule kamanda wa Wajerumani, kwenye mapori, wenzake wamekufa kama nzi kwa kuhara na njaa. Sisi tulichopata ni jina la soko. Nairobi nao wakapata Kariokor yao. Mzungu wako aliyekaa farasini akapewa shamba. Halafu tunamtafuta kwa mapenzi kama amepotea sokoni.

Mleta uzi:
Chifu sikupingi hata nukta. Mpango ule askari Mwafrika hakuwemo, Mhindi hakuwemo. Ila mimi simtafuti nimpigie saluti. Bibi yangu amezikwa na cheti cha ubatizo ambacho sehemu ya baba pameandikwa "hajulikani". Alikuwa anajulikana. Alikuwa na jina na namba ya shamba. Nataka pale pajazwe, hayo mengine utamhukumu wewe na mimi nitakusaidia.

Dada Furaha:
Chifu mwache amalize basi, utamchapa mwishoni.

mtu_wa_data:
Mkuu twende kwenye ufundi. Ulimpataje jina? Mimi pia natafuta wa kwetu, Mgiriki wa Kilimanjaro.

Mleta uzi:
mtu_wa_data hapa chukua kalamu.

Kwanza Gazeti la Serikali. Lilianza kuchapishwa 1899 na matoleo mengi ya zamani yapo Google Books bure kabisa. Humo kuna kila takataka ya maisha ya mzungu: leseni za pombe, orodha za wapiga kura, ng'ombe aliyeokotwa, nani kafa na wadai wake waje lini, nani kafilisika. Usitafute jina kamili, majina mengi wanaandika kwa herufi za mwanzo tu, kwahiyo mimi nilitafuta jina la mahali, Londiani, Lumbwa, Molo, mwaka kwa mwaka kuanzia 1919. Ilinichukua miezi mitatu ya usiku. Nikabaki na watu wanne waliokaa huko peke yao bila mke na waliofilisika au kuondoka kati ya 1921 na 1924.

Na kufilisika walifilisika haswa. Mwisho wa 1920 bei ya kitani ikaporomoka, vita imeisha, mabawa ya ndege hayahitajiki tena kama zamani. Juu yake wakapigwa na hela. Zamani rupia 15 ilikuwa pauni moja. 1920 serikali ikapandisha rupia ikawa shilingi mbili, maana yake rupia 10 pauni moja. Aliyekopa rupia 15,000 alikuwa anadaiwa pauni 1,000, akalala akaamka anadaiwa pauni 1,500 na hajaongeza hata jembe. Mazao yake anauza London kwa pauni, deni liko Nairobi kwa rupia. Hapo hata mkulima wa kweli angekimbia, sembuse huyu wangu ambaye nitawaambia alikuwa karani.

Pili, DNA. Mama alivyokuwa kule kwa mdogo wangu akatema mate kwenye kichupa. Majibu yakaja, asilimia 24 Uingereza, sawasawa na mtu ambaye babu yake mmoja ni mzungu mtupu. Na akatokea mtu mmoja anashea naye sentimogani 430, ndio kipimo cha DNA mnayoshea. Kwa wasiojua, hiyo sio undugu wa mbali wa kanisani, hiyo ni kama mjukuu wa babu yule yule kwa mke mwingine. Nikamwandikia. Kimya. Miezi nane kimya. Nilikuwa naingia kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Mzee wa Voi:
Wazungu wanaogopa ukidai urithi.

Mleta uzi:
Ndio nilichodhani na mimi. Kumbe mama wa watu alikuwa anauguza mumewe, hajafungua ukurasa. Akajibu ujumbe mrefu, mpole sana, anasema babu yake mzaa baba alikuwa "Afrika kidogo baada ya vita" na hakuwahi kulizungumza. Akanipa jina la ukoo. Wakuu nilikwenda kwenye ile orodha ya watu wanne mikono inatetemeka. Namba tatu.

Jina silitaji hapa, huyu mama na watoto wake wapo hai na hawajaniruhusu. Tumwite Bwana Kitani kama bibi.

Baada ya hapo ni kama kufungua bomba. Sensa ya Uingereza ya 1911 yupo, ana miaka 17, kijiji kimoja cha Suffolk, baba yake mhunzi, anapiga vyuma na kufunga kwato za farasi, yeye ameandikwa karani. Mtoto wa mhunzi! Sisi tulikuwa tunajua tumetoka kwa bwana mkubwa mwenye kasri. Vita ikaja, maofisa wakafa wengi mpaka jeshi likaanza kuwapa uafisa hata watoto wa mafundi, naye akapata. Karatasi nyingi za kijeshi ziliungua London 1940 kwa mabomu ya Wajerumani, faili lake halipo, ila kadi ya medali imebaki. Na hapa ni siri ya bure: maofisa walikuwa lazima waombe medali wenyewe, kwahiyo mara nyingi anuani ipo kwenye kadi. Kuna nakala zimepigwa picha upande wa mbele tu. Tafuta yenye nyuma. Nyuma ya kadi yake kwa mkono imeandikwa Londiani, British East Africa.

Gazeti la 1922, kafilisika. Orodha ya abiria waliorudi Uingereza 1923, kazi mkulima, anakotoka Kenya, anakokusudia kuishi Uingereza, safari peke yake. Bibi wakati huo ana mwaka mmoja au miwili.

Dada Furaha:
Peke yake. Sawa.

Mleta uzi:
Ndio, peke yake. Hakuna sheria iliyomlazimisha kumwacha mtoto na hakuna iliyomlazimisha kumbeba. Kuna waraka wa Lord Crewe, waziri wa makoloni wa Uingereza, wa 1909 uliokataza maofisa wa serikali kuishi na wanawake wa Kiafrika, baada ya ile kashfa ya ofisa mmoja wa Nyeri, lakini ule ulikuwa wa watumishi wa serikali. Setla alikuwa anafanya atakavyo kwenye shamba lake.

Sasa hii ndio iliyonifanya nianzishe uzi. 1939 vita ya pili ilipoanza Waingereza waliandikisha watu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya vitambulisho. Hayo madaftari yapo mtandaoni, unalipia kidogo. Nikamtafuta. Yupo, karani wa bima, ameoa. Nikaangalia safu ya anuani. Kule nyumba zingine hazina namba, zina majina, watu wanazipa majina kama sisi tunavyoandika kwenye daladala. Jina la nyumba yake limeandikwa: Kitani.

Nilikaa nje kwenye ngazi muda mrefu. Mke wangu akaja akaniuliza kama kuna msiba.

Kinyonga wa Pwani:
Mwili umenisisimka mkuu, sio utani.

Mzee wa Voi:
Chozi la mwanaume limenitoka na niko kwenye kiti cha kinyozi.

mtu_wa_data:
Ulimuuliza yule ndugu wa kule?

Mleta uzi:
Nilimuuliza, jina la nyumba ya babu yako mlikuwa mnajua ni nini? Akasema kibao kilikuwa getini, utotoni walidhani ni Kiitaliano, na bibi yake alikuwa anachukia kukisafisha. Kibao hakipo, nyumba iliuzwa mzee alipofariki miaka ya hamsini. Nikamwambia maana yake. Nikamwambia pia kwamba huku kwetu hilo ndilo jina lake yeye, sio la nyumba. Alichukua siku mbili kujibu.

Chifu Kipara:
Kwahiyo alikuwa anakumbuka. Aliweka getini asome kila siku na mtoto hakumtumia hata barua. Mimi hapo ndio nimemchukia zaidi.

Mleta uzi:
Chifu, mama yangu alisema karibu maneno hayo hayo. Mdogo wangu anasema labda alikuwa anaukumbuka ufukara wake tu, kitani kilichommaliza, wala hatukuwepo kichwani mwake. Inawezekana. Kibao hakisemi.

Kinyonga wa Pwani:
Urithi je? Nyumba iliuzwa shilingi ngapi?

Mleta uzi:
Haha nilijua utakuja na hiyo. Rejista ya mirathi ya Uingereza ipo wazi kuanzia 1858, nimeona, aliacha pauni mia chache kwa mkewe. Ukigawa kwa sisi wote hata nauli yangu ya Thika hairudi.

Dada Furaha:
Na mama yake bibi? Mbona uzi wote tunamsoma mwanaume. Yeye umempata wapi kwenye makaratasi?

Mleta uzi:
Sijampata. Hili linaniuma kuliko yote. Huyu bwana nina umri wake akiwa shule, nina cheo, nina meli, nina deni, najua hata alikuwa na ng'ombe wangapi wa plau walipopigwa mnada. Yeye hakuna. Kipande, kile kitambulisho cha kazi cha Waafrika kilichoanza baada ya vita, kilikuwa cha wanaume tu, miaka 16 kwenda juu. Maskwota nao, yani Waafrika waliokaa kwenye mashamba ya wazungu kwa kuwafanyia kazi, waliandikwa mashambani kwa jina la mwanaume, siku 180 za kazi kwa mwaka kwa sheria ya 1918, mke na binti wanafanya kazi lakini kwenye kitabu hawapo. Nilichonacho ni jina lake moja alilolitaja bibi, na kwamba alikuwa anang'oa kitani kwa mikono, maana kile hakikatwi, kinang'olewa na mizizi, kinalowekwa mtoni mpaka kinanuka, halafu kinaanikwa. Bibi alisema mikono ya mama yake ilikuwa migumu mpaka uzee. Hiyo ndio kumbukumbu yake yote.

Mwezi wa nane naenda Londiani na mama, ana miaka 74 na amekataa kubaki. Namba ya shamba ninayo na ramani ya zamani nimepata. Kama kuna mtu humu wa Londiani au Kipkelion ana wazee wa ukoo waliokaa kwenye mashamba ya upande wa reli kabla ya uhuru, naomba aje PM nimpe jina la mama yake bibi. Kikipsigis sijui zaidi ya ile salamu, kwahiyo tutahitaji na mkalimani, posho ipo.

Mzee wa Voi:
Mimi nina shemeji Kipkelion, baba yake ana tisini na kitu na bado anakumbuka. Nakuja PM.